Pampu, Beleshi au Pakiti ya Dawa? Vifaa vya Kulirudisha Kanisa Baada ya Mto Kuingia Ndani

Mto ukishaingia kanisani, kitu cha kwanza ambacho kamati hukimbilia kuulizia bei ni pampu. Ni kosa la kawaida, na ni la gharama. Makanisa mengi ya mabondeni, kuanzia Kilombero hadi Rufiji, sakafu yake imenyanyuliwa kidogo juu ya ardhi. Mto ukipungua, maji hutoka yenyewe kwa mlango ule ule yaliouingilia. Kinachobaki ndani ni tope, na tope halinyonywi na pampu yoyote mtakayoipata dukani kwa pesa ya sadaka. Kwa hiyo tathmini hii tumeiandika tukiwa na tope kichwani: kipi kinunuliwe, kipi kikodiwe, kipi kiachwe pale pale rafuni. Kipimo chetu ni kanisa la kigango au mtaa, mita 20 kwa 10, lenye familia kama 120.

Mvua za El Niño za 2023/24 zilionyesha jinsi mambo yanavyokwenda mbio. Aprili 25, 2024 Waziri Mkuu wa Tanzania wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa watu 155 wamefariki na kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika nchi nzima, huku Rufiji na Kibiti maji yakiwa yamelala mashambani na majumbani. Katika hali ya namna hiyo mfadhili akipiga simu kuuliza mnahitaji nini, anataka jibu leo. Kamati isiyo na orodha yake itapokea chochote atakachoona kinafaa.

Beleshi, toroli na ufagio wa mpira

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoamua manunuzi yote. Tope la sentimita 5 tu kwenye sakafu ya mita za mraba 200 ni mita za ujazo 10. Tope bichi lina uzito wa karibu tani 1.6 hadi 1.8 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo ndani ya kanisa mna tani 16 hadi 18. Toroli la kawaida hubeba lita 65 likijaa, lakini likijazwa tope linapita kilo 100, tairi linadidimia na mikono ya msukumaji inaisha kabla ya saa nne asubuhi. Pakieni lita 40 tu. Hapo safari ni 250. Toroli moja haliwezi kuzimaliza kwa siku. Matoroli matano, kila moja safari 50 za dakika sita sita, yanazimaliza kwa saa tano, na jioni mnaanza kuosha.

Ndiyo maana kwetu toroli ndilo linaloongoza orodha. Hakuna haja ya kununua matano: kila jumuiya ije na lake, kanisa linunue moja au mawili ya kuziba pengo. Likinunuliwa, angalieni gurudumu kwanza. Tairi la upepo hupita vizuri kwenye ardhi laini, lakini mto huleta miiba na mbao zenye misumari, na tairi likipasuka siku hiyo fundi wa baiskeli naye yuko kwake anatoa tope. Tairi la mpira mgumu ni zito kusukuma ila halipasuki. Kwa kazi hii tunachukua gumu na kulitandikia mbao njiani.

Beleshi kuna la mdomo bapa na la ncha. La ncha huuzwa zaidi kwa sababu wakulima hulitumia, lakini kwenye sakafu ya saruji linaacha mistari ya tope kila linapopita, na hiyo mistari mtairudia kwa mikono. Ndani tumieni la mdomo bapa. La ncha libaki nje kwenye mtaro. Kabla ya kulipa, litazameni pale mpini unapoingia kwenye chuma. Hapo ndipo linapovunjikia. Mishipa ya mti iwe imenyooka kufuata urefu wa mpini, na msumari uwe umepita upande wa pili na kufyatwa, usiishie katikati.

Ufagio wa mpira, ule wa ubao mpana wenye ulimi wa mpira chini, ni kifaa ambacho kamati nyingi hawakifikirii kabisa. Wa sentimita 60 hadi 75 unasukuma uji wa tope wa mstari mzima wa mabenchi kwa mkupuo mmoja. Mafagio ya chelewa na ya nailoni hupigana na tope bila kulishinda, kwani nyuzi zinajaa na kugeuka brashi ya kupakia. Mafagio manne ya mpira yatawatosha.

Kinachoharibu kazi hii ni kuchelewa. Mfinyanzi wa bondeni ukipigwa jua siku mbili tatu unapasuka vipande na kung'ang'ania saruji kama plasta. Kama hamwezi kuanza leo, mwagieni maji sakafuni asubuhi na jioni ili tope libaki laini. Watu hushangaa kuambiwa wamwage maji kwenye kanisa lililotoka kufurika, lakini dumu mbili za leo zinaokoa siku nzima ya kugonga kwa patasi kesho. Beleshi nalo lichovyeni majini kila baada ya mateko machache, tope litateleza badala ya kunasa.

Msilirundike tope ukutani kwa nje. Linashikilia unyevu, na kama tofali ni za udongo zisizochomwa, ukuta unalainika kutoka chini huku mkiupaka rangi juu.

Pampu ya inchi 3

Pampu ina kazi yake: shimo lililojaa maji, kisima, tangi la chini ya ardhi, au kanisa ambalo sakafu imekaa chini kuliko uwanja. Inayojulikana zaidi ni ya petroli aina ya Honda WB30XT pamoja na nyingi za Kichina zilizofuata umbo lake. Kwenye karatasi inatoa hadi lita 1,100 kwa dakika. Kwa kazi halisi, mpira wa kutolea ukiwa mrefu na maji yakiwa machafu, piga hesabu ya 600 hadi 700. Kanisa letu la mfano likiwa na nusu mita ya maji lina lita 100,000, na pampu inayotoa 700 itayamaliza kwa saa mbili na nusu hivi. Haraka hiyo ndiyo hatari yenyewe. Kama nje bado kuna maji ya kimo hicho, ukitoa ya ndani peke yake ukuta unabaki unasukumwa upande mmoja, na ukuta wa tofali za udongo uliokwisha kulowa hauhimili. Subirini maji ya nje yashuke kwanza.

Ikikataa kunyonya, mara nyingi tatizo liko kwenye mpira wa kunyonya. Pampu hii lazima ijazwe maji kichwani kabla ya kuwashwa. Ikizungushwa kavu, sili iliyo kati ya injini na impela (gurudumu la ndani linalosukuma maji) huungua kwa dakika chache, na baada ya hapo maji huvuja chini ya pampu bila kukoma. Kama imejazwa na bado haivuti, tafuteni hewa inapoingilia: klampu iliyolegea, gasketi iliyosahaulika, mpira uliopasuka mahali msipopaona. Pakeni maji ya sabuni kwenye maungio mkiangalia mapovu yanayofyonzwa ndani. Mpira wa kunyonya uwe ule mgumu wenye mbavu. Wa turubai laini hujifunga wenyewe mara tu pampu inapovuta. Huo ni wa upande wa kutolea tu. Kwenye karatasi imeandikwa inanyonya kutoka kina cha mita 7 au 8, ila kadiri mnavyoiweka karibu na maji ndivyo inavyofanya kazi, na zaidi ya mita 5 ni kujitafutia lawama.

Mchanga ndio unaoiua. Impela ya pampu ya maji safi inalika kingo ndani ya siku chache za maji ya mto. Dawa yake ni rahisi: chimbeni shimo dogo mahali palipo chini kabisa, tieni ndani yake ndoo ya plastiki iliyotobolewa matundu ya ukubwa wa kalamu, na chujio la mpira likae ndani ya ndoo bila kugusa kitako. Jioni pampu ivute maji safi dakika tano kabla ya kuzimwa. Injini yake inachukua oili kama lita 0.6, na kwenye pampu zenye kinga ya oili injini huzimika yenyewe ikiinama upande. Wengi humwita fundi kumbe kilichotakiwa ni kuisawazisha tu.

Pampu isiwashwe ndani ya kanisa hata madirisha yakiwa wazi, wala isishushwe kisimani. Moshi wa petroli una hewa ya sumu isiyo na harufu inayomlaza mtu kabla hajajua kuwa anaumwa. Jenereta nalo sheria ni hiyo hiyo.

Uamuzi wetu: ikodini. Kununua kunaingia akilini pale tu parokia nzima au jimbo linaponunua moja na kuizungusha vigangoni, huku mtu mmoja anayefahamika akiishika. Pampu ya kila mtu haina mwenye kubadili oili.

Klorini ya unga na jiki

Unga wa klorini wa asilimia 65 hadi 70, wanaouita HTH, unaishinda jiki kwa kila kipimo isipokuwa kupatikana dukani. Jiki ya chupa ina asilimia 3.5 ikiwa mpya, na ikikaa juani dukani inashuka bila kubadilika rangi wala harufu kiasi cha kukushtua. Kilo moja ya unga inatoa lita 140 hivi za maji ya asilimia 0.5. Kwa kanisa la kipimo chetu kilo 5 zinatosha na kubaki. Msichukue pipa zima kwa sababu tu bei ya kilo inashuka. Unga nao huisha nguvu.

Kwa mahali ambapo choo kimefurika, tumieni asilimia 0.5: gramu 7 za unga kwa lita, yaani vijiko vikubwa 10 vya kusawazisha (kijiko kimoja kama gramu 15) kwenye ndoo ya lita 20. Kwa jiki ni kipimo kimoja kwa sita vya maji. Sakafu na kuta zilizokwisha kuoshwa kwa sabuni zinatosheka na asilimia 0.05, yaani sehemu moja ya mchanganyiko wa kwanza kwa tisa za maji. Acheni dakika kumi, halafu suuzeni.

Neno la kushika hapo ni "zilizokwisha kuoshwa". Kupuliza klorini juu ya tope ni kuimwaga. Uchafu unaila dawa yote kabla haijamgusa mdudu. Spreya ya mgongoni inapendeza kwenye picha za kutuma kwa wafadhili, lakini ndoo na kitambaa vinafanya kazi bora, tena kwa dawa kidogo. Spreya yenyewe, kama ndiyo ya dawa za shamba, haifai kabisa humu.

Mimina unga kwenye maji, usimimine maji kwenye unga. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi inayochoma mapafu. Na jambo ambalo stoo za kanisa hukosea mara nyingi: unga huu usikae chumba kimoja na petroli, oili au mafuta ya taa. Ukikutana nayo unaweza kuwaka wenyewe. Mavazi ya ibada na vitambaa vya altare usiviguse, utaviondoa rangi. Chuma utakitia kutu. Mabenchi ya mbao ni sabuni, brashi na kivuli chenye upepo. Jua kali litayapinda.

Maji ya kunywa: pakiti, vidonge, WaterGuard

Hapa ndipo pesa inapookoa watu, na ndipo vitu vinapochanganywa zaidi. Vidonge vya klorini na WaterGuard vimetengenezwa kwa maji yanayoonekana safi. Kidonge cha miligramu 67 kinatibu lita 20 za namna hiyo kwa dakika 30. Kikitiwa kwenye maji ya mto yenye rangi ya chai ya maziwa, tope linakila, na familia inakunywa ikiamini imejikinga. Kuongeza dozi mara mbili ni kwa maji yenye ukungu kidogo. Kwa maji ya tope haisaidii.

Kwa wiki za kwanza kinachofaa ni pakiti ya gramu 4 ya kampuni ya P&G, ambayo ndani ina klorini pamoja na chumvi ya chuma inayokusanya tope. Pakiti moja ni kwa lita 10. Inataka ndoo mbili, mwiko mrefu na kitambaa cha pamba. Mimina unga, koroga kwa nguvu dakika 5 kamili. Weka simu uhesabu, maana mkono ukichoka dakika mbili huonekana tano. Utaona maji yanabadilika rangi, kisha vinatokea vipande kama mabaki ya maziwa yaliyokatika, vinazunguka na kuanza kuzama. Acha dakika 5 ndoo isiguswe. Maji ya juu yanakuwa angavu kabisa, na kitako kina tabaka la tope la kahawia. Kama bado yana rangi, koroga tena uache tena. Chuja kwenye ndoo ya pili kwa kitambaa kisicho na matundu, kanga nzito iliyofuliwa inafaa ikikunjwa mara mbili, lakini neti haifai. Subiri dakika 20 ndipo ayanywe mtu. Lile tope la kitambaani litupwe chooni, mbali na watoto na kuku.

Inapoharibika, huharibika kwenye kuchuja. Mtu akiona maji yameng'aa juu anachota kikombe pale pale, na kwenye ndoo ya kwanza tope lililozama linapanda tena akitikisa. Kasoro nyingine ni hesabu. Familia inayokunywa na kupikia lita 20 kwa siku inataka pakiti mbili. Familia 120 ni 240 kwa siku, 1,680 kwa wiki. Msaada wa pakiti 500 unaonekana mwingi ukiwa ndani ya boksi, kumbe ni wa siku mbili. Na usigawiwe mlango wa kanisa baada ya misa kwa foleni. Upitie viongozi wa jumuiya, nyumba kwa nyumba, ili aonyeshwe mama au kijana anayechota maji, na onyesho moja kwa ndoo yake mwenyewe lina thamani kuliko karatasi kumi za maelekezo.

Maji yakishatulia na kuwa angavu, hamieni kwenye vidonge. Ni vyepesi, havitaki ndoo ya pili, na mtu hachoki. Kwa pakiti tunatoa alama 5 kati ya 5 wiki mbili za kwanza, na 2 baada ya hapo. Kuchemsha ni kuzuri kama kuni ni kavu, na baada ya mafuriko hazipo.

Kipima klorini cha vidonge vya DPD, kinachogeuza maji kuwa ya waridi, ni kidogo na kinafunga mabishano. Mlenge miligramu 0.5 kwa lita baada ya nusu saa. Kimoja kinatosha parokia nzima.

Mafundi wa kusafisha kisima

Hii ni huduma, na ubora wake hutofautiana mno. Fundi anayekuja na kopo la klorini, akalimimina, akapokea hela na kuondoka, hajasafisha kisima. Kazi kamili ina hatua zake, na kamati isimame pale ihesabu. Kwanza mto uwe umeshuka, la sivyo ardhi inarudisha maji machafu humo humo. Pili, kutoa maji na tope polepole. Ardhi iliyolowa ikiwa inasukuma kutoka pembeni, kisima kilichokaushwa ghafla kinaweza kuangusha kuta zake. Tatu, kusugua kuta kwa brashi na maji ya klorini ya asilimia 0.2 (gramu 3 za unga kwa lita). Nne, kuacha kijae. Tano ndiyo dozi yenyewe: lita 1 ya mchanganyiko huo wa 0.2 kwa kila lita 100 za maji kisimani.

Ujazo unapatikana hivi: kipenyo mara kipenyo mara 0.785 mara kina cha maji. Kisima cha kipenyo cha mita 1 chenye maji ya mita 3 kina mita za ujazo 2.36, yaani lita 2,360. Kinataka kama lita 24 za mchanganyiko, ambazo ni gramu 70 hivi za unga. Fundi asiyeuliza kipenyo anakisia. Maji yakae nusu saa kwa uchache, usiku kucha ni bora, kisha yatolewe mpaka kipimo cha DPD kishuke chini ya miligramu 0.5 kwa lita. Na kama mdomo wa kisima hauna ukingo uliopanda juu ya kimo cha mafuriko, hiyo pesa mtailipa tena masika ijayo.

Umeme na vyombo vya kwaya

Hapa tutakuwa wafupi na kwaya watatuchukia. Kinanda kilichozama kwenye maji ya tope hakifai kulipiwa fundi. Spika za koni ya karatasi zimekwisha. Boksi la mbao ngumu linaweza kubaki. Amplifaya kubwa yenye transfoma nzito inaweza kuokolewa iwapo haijachomekwa: ifunguliwe, isuuzwe kwa maji safi, ikaushwe kivulini siku nyingi, na fundi aipime kama umeme unavuja kabla ya kuiwasha. Kuitia kwenye gunia la mchele hakusaidii chochote, hata mchele unapotea.

Swichi kuu na soketi zilizofikiwa na maji zisiguswe na kijana wa kanisa anayejua kidogo. Atafutwe fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), afungue kila boksi la ukutani. Tope hubaki ndani ya mabomba ya nyaya miezi baada ya ukuta kukauka.

Friza ya samaki na vitabu vya ubatizo

Huduma iliyo bora kuliko zote kwenye orodha hii haiuzwi kama huduma ya mafuriko. Ni nafasi kwenye friza ya muuza samaki. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa Katoliki inataka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na kwa wazee wengi mstari wao kwenye kitabu cha ubatizo ndio maandishi pekee yanayoonyesha walizaliwa lini. Kitabu kilicholowa huanza kuota ukungu ndani ya siku mbili hadi tatu. Kikianikwa juani, karatasi zinajikunja, jalada linapasuka, na kurasa zinagandana kuwa tofali.

Kikiwa kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kinasimama pale pale kilipo, wiki au miezi, mpaka mpate mikono na nafasi. Utaratibu wake: usikifungue. Kikiwa kimefungwa, kibanwe kwa mikono miwili na kisuuzwe tope la nje ndani ya karai la maji safi. Kifungwe kwa karatasi ya nta, au mfuko wa plastiki mmoja kwa kila kitabu, ili rangi ya jalada moja isihamie jingine. Vipangwe kwenye kreti mgongo ukiwa chini, robo tatu ya kreti tu, visibanane. Ndipo viingie friza. Umeme ukikatika, friza isifunguliwe.

Kuyeyusha ni kitabu kimoja kimoja. Kikilainika, tia karatasi tupu nyeupe kila baada ya kurasa 10 hadi 20, lakini zote pamoja zisizidi theluthi ya unene wa kitabu, la sivyo mgongo unapasuka. Gazeti lililochapwa linaachia wino, usilitumie. Badilisha karatasi zikilowa, mwanzoni kila saa chache. Feni ielekee chumba, isikipige kitabu. Maandishi ya bolpeni hustahimili vizuri. Ya wino wa maji hutawanyika, na hayo yapigwe picha kwa simu mara kurasa zinapofunguka, hata kama hayasomeki vyema.

Jadilianeni na mwenye friza kabla ya masika, mkiwa hamna haraka. Yeye anaogopa harufu ya tope ihamie kwenye sato wake, nanyi mnaogopa harufu ya sato kwenye kitabu cha ndoa. Mifuko miwili miwili inamaliza hofu zote mbili.

Chokaa kwanza, rangi baadaye

Msukumo wa kupaka rangi mapema ni mkubwa, hasa Pasaka ikikaribia, na masika na Pasaka huandamana. Rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye maji inafura malengelenge na kubanduka ndani ya mwezi. Chokaa inapumua: maji yaliyo ukutani yanatoka kupitia ndani yake. Lowekeni chokaa ya mfuko, ile iliyokwisha kuzimwa, usiku mmoja. Izimulieni mpaka iwe nzito kama maziwa, loanisheni ukuta, pakeni mikono mitatu myembamba, siku moja moja. Vaeni glavu na miwani, inachoma macho.

Kujua kama ukuta uko tayari kwa rangi hakuhitaji kifaa cha kununua. Kateni nailoni angavu ya mita moja kwa moja, bandikeni ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, sentimita chache juu ya sakafu, pale pasipopata jua. Rudini kesho yake saa ile ile. Matone yakiwa yamekaa upande wa ndani wa nailoni, ukuta bado unatoa maji. Fungueni madirisha, mwacheni mwenye duka la rangi na rangi yake, mjaribu tena baada ya wiki mbili.